Baraza Halikatai, Linaahirisha

Katika kipindi chote nilichokaa kwenye Baraza la Chuo nikiwa mwakilishi wa wanataaluma, sikuona Baraza likipiga kura ya wazi kukataa jambo la kitaaluma lililotoka Seneti. Halikuwa na haja. Jambo lisilopendwa liliahirishwa. Lilipelekwa kikao kijacho ili lipate "ufafanuzi zaidi", likarudi kwenye yatokanayo, likaahirishwa tena kwa kuwa muda umekwisha, na mwishowe aliyekuwa akilisubiri akachoka au akahama. Ukisoma mihtasari ya vikao hivyo hutakuta mtu aliyekataa kitu.

Wenzangu wengi wakilizungumzia Baraza huogopa kura. Huwaza siku ambayo wajumbe walioteuliwa kutoka nje watanyoosha mikono na kufuta walichopitisha maprofesa. Kwa niliyoyaona, kura ndiyo ya mwisho kuogopwa. Kura ina hesabu, ina waliounga mkono na waliopinga, na anayeonewa anaweza kuipeleka mahakamani. Uahirishaji hauna mwenyewe. Ndiyo maana nataka kueleza unavyofanya kazi na tulivyopambana nao, kwa faida ya mwanataaluma atakayechaguliwa kesho kuingia kwenye chumba hicho.

Mfumo wenyewe, kwa ufupi, uko hivi. Chuo kikuu cha umma huwa na vyombo viwili vya juu. Seneti ni ya wanataaluma: wakuu wa vitivo na idara, maprofesa, mkutubi, na wawakilishi wa wanafunzi. Humo hupitishwa mitaala, matokeo ya mitihani, sifa za udahili na orodha za wahitimu. Juu yake liko Baraza, na wengi wa wajumbe wake hutoka nje ya chuo: wateule wa serikali, watu wa wizara, wahasibu, wanasheria, wafanyabiashara, wahitimu wa zamani. Watumishi na wanafunzi hupewa viti vichache. Kwingine Baraza huitwa bodi ya wadhamini, kwingine bodi ya wakurugenzi, lakini mgawanyo haubadiliki sana. Ujuzi uko Seneti, mamlaka ya kisheria yako Baraza. Mtu anaweza kutambuliwa na wana fani wenzake duniani kote, lakini chuoni kwake hawi profesa mpaka Baraza limthibitishe.

Sasa weka juu ya mgawanyo huo kalenda. Baraza hukutana mara chache kwa mwaka, kwa kawaida kila robo mwaka. Kabrasha hufika siku chache kabla ya kikao, nene kiasi cha kutosomeka lote. Ajenda huanza na bajeti, ripoti ya mkaguzi, majengo, madeni. Mambo ya taaluma huja mchana, wajumbe wamekwisha kuchoka na wengine wanaangalia saa ya safari. Katika hali hiyo, anayetaka jambo lisipite hana haja ya kutoa hoja. Inatosha aseme kwamba bado halijaiva. Miezi mitatu imekwenda.

Nilijifunza hili kupitia faili la mwenzetu mmoja, mhadhiri mwandamizi aliyeomba kupandishwa kuwa profesa mshiriki. Faili lake lilipita idarani, likapita kitivoni, machapisho yake yakapelekwa kwa watathmini wa nje ya chuo, ripoti zao zikarudi zikiwa nzuri, na kamati inayohusika ikapendekeza apandishwe. Kilichobaki kilikuwa mstari mmoja kwenye kiambatisho chenye majina kadhaa. Majina hayo kwa kawaida hupitishwa kwa mkupuo. Siku hiyo mjumbe mmoja kutoka nje akaomba kusema.

"Mwenyekiti, huyu wa nne ningeomba tumweke pembeni kwanza. Kuna mambo nimeyasikia."

Niliomba ufafanuzi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ndugu mjumbe atusaidie. Mambo hayo yanahusu machapisho yake, ufundishaji wake, au mwenendo wake kazini?"

"Profesa, si lazima yote tuyaseme hapa."

Mwenyekiti akasema tulichukue, tulirudishe kikao kijacho. Waliobaki kwenye orodha wakapita. Baadaye tulikuja kujua kilichosikiwa: mwenzetu alikuwa ameandika makala gazetini akikosoa sera iliyo ndani kabisa ya fani yake, jambo ambalo jamii humlipa mtaalamu ili alifanye.

Kikao kilichofuata, jambo lake lilikuwa kwenye yatokanayo. Menejimenti ilikuwa imeagizwa kuleta ufafanuzi, lakini hakuna aliyejua wa nini, maana swali halikuandikwa popote. Ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo ikajibu kwamba faili limekamilika. Mjumbe aliyeuliza hakuhudhuria, na ikaonekana si ungwana kulijadili bila yeye kuwapo. Likaahirishwa. Kikao cha baada ya hapo akidi ilikatika kabla ya kulifikia. Wakati wote huo mwenzetu alikuwa akifundisha, akisahihisha mitihani, akisimamia wanafunzi wa uzamivu, na akikutana nasi kwenye ngazi bila kuuliza kitu. Alijua kwamba wawakilishi tumefungwa na usiri wa kikao. Ilinikera kuliko kama angenifokea.

Kilicholifungua faili hilo kilitokea sehemu ya kikao ambayo watu huipita wakinywa maji, yaani kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Muhtasari uliandika "limeahirishwa". Niliomba usahihishwe ili uonyeshe limeahirishwa kwa sababu gani, nani anatakiwa kuleta nini, na lini. Katibu alishika kalamu na hakuwa na cha kuandika. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu wa sheria, alimgeukia mjumbe aliyetoa hoja siku ile ya kwanza na kumuuliza kama ana swali linaloweza kuandikwa. Akasema hana. Tulipofika kwenye jambo lenyewe lilipita kwa dakika chache, bila mjadala.

Nawasihi wanaoingia Baraza walizingatie hilo. Ukitoa hotuba juu ya uhuru wa kitaaluma utasikilizwa kwa heshima, kisha mambo yataendelea yalivyokuwa. Ukiomba sababu iandikwe kwenye muhtasari, unamlazimisha mwenzako achague: ama aitetee hadharani, ama aiache. Sababu nzuri huandikika kwa urahisi, na hata mimi ningekuwa wa kwanza kuunga mkono faili lirudishwe kama ingeonekana kwamba mtathmini mmoja ni mwandishi mwenza wa mwombaji.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Barua ya kupandishwa cheo ilipotoka, tarehe ya kuanza cheo ilikuwa ya kikao kilichothibitisha, si ya kikao ambacho jina lake lilifikishwa mara ya kwanza. Wenzake wa orodha ileile wakawa wamemtangulia. Mtu wa nje anaweza kuona ni suala la malimbikizo ya mshahara tu. Kwa mwanataaluma, tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa anapoomba uprofesa kamili, na katika vyuo vingi ndiyo inayoamua nani anaweza kushika idara au kusimamia tasnifu kwa cheo hicho. Uahirishaji usio na sababu uligeuka adhabu isiyo na shitaka. Ilibidi tuanze upya kupigania tarehe, na safari hii tulikuwa tukibishana na kanuni, kwa sababu kanuni zilisema kweli kwamba cheo huanza siku Baraza linapothibitisha. Hakuna aliyeziandika akiwa na nia mbaya. Waliziandika wakiamini kwamba kuthibitisha ni jambo la kikao kimoja.

Nilipoanza kusoma yaliyotokea kwingine, niliona ugonjwa huu una historia ndefu, hata katika vyuo vyenye fedha na majina. Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani. Mwezi Oktoba 2013, Steven Salaita alipewa barua ya kumwajiri kama profesa mwenye ajira ya kudumu, ile ambayo mwanataaluma hawezi kuondolewa bila sababu nzito iliyothibitishwa. Barua ilisema kwamba uteuzi unasubiri kuidhinishwa na bodi. Alikubali, akajiuzulu alikokuwa, Virginia Tech, akajiandaa kuhama. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Agosti, wiki chache kabla ya muhula kuanza, aliarifiwa kwamba jina lake halitapelekwa mbele ya bodi, kufuatia malalamiko juu ya maneno makali aliyoandika kwenye Twitter kuhusu vita vya Gaza. Tarehe 11 Septemba 2014 bodi ilipiga kura 8 kwa 1 kumkataa.

Watu hukumbuka kura hiyo. Mimi naikumbuka kalenda. Bodi ilikuwa na desturi ya kuidhinisha majina mwezi Septemba, wakati walimu wapya wamekwisha kuingia darasani. Maana yake kila mtu chuoni, pamoja na bodi yenyewe, aliichukulia idhini kuwa utaratibu tu wa kukamilisha makaratasi, mpaka siku ilipotumika kama silaha. Jaji wa mahakama ya shirikisho aliyeisikiliza kesi mwaka 2015 aliliona hilo. Alikataa hoja ya chuo kwamba hapakuwa na mkataba wowote kabla ya kura ya bodi, akieleza kwamba kama hoja hiyo ingekubaliwa, utaratibu mzima wa kuajiri maprofesa Marekani usingeweza kuendelea ulivyo. Nani angeacha kazi yake kwa ahadi isiyo na uzito? Mwezi Novemba mwaka huo chuo kilikubali kulipa dola 875,000 kumaliza shauri, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaenda kwa Salaita, nyingine kwa mawakili wake. Kazi hakurudishiwa.

Kisa cha pili ni cha Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, na hiki ni uahirishaji mtupu. Nikole Hannah-Jones, mwandishi wa habari mwenye tuzo ya Pulitzer, aliteuliwa kushika kiti cha uprofesa wa uandishi wa habari. Wanataaluma walikuwa wamepitisha apewe ajira ya kudumu. Faili lilipofika kwa wadhamini halikukataliwa. Liliwekwa pembeni kwa maelezo kwamba kuna maswali, na badala yake akapewa mkataba wa miaka mitano. Habari zilipojulikana mwezi Mei 2021 na wanataaluma, wanafunzi na wahitimu wakapaza sauti, bodi hatimaye ilikutana tarehe 30 Juni ikapiga kura 9 kwa 4 kumpa alichostahili. Siku chache baadaye alitangaza kwamba anakwenda Chuo Kikuu cha Howard. Ukimuuliza mtu kama bodi ile ilimkataa, jibu la kisheria ni hapana. Walimpitisha. Lakini chuo kilimkosa, na wanafunzi wake wakamkosa.

Linganisha na Chuo cha New College of Florida, ambako mwezi Aprili 2023 wadhamini waliwanyima ajira ya kudumu walimu watano waliokuwa wamepita hatua zote za chini, kwa kura 6 kwa 4. Uamuzi huo naupinga kwa moyo wote. Hata hivyo unajulikana ulifanywa siku gani, na nani alisimama upande upi. Mtu anaweza kushindana nao.

Nisieleweke kwamba naona Baraza lingefaa kunyamaza. Chuo cha umma kinaendeshwa kwa fedha za watu ambao wengi wao hawatakanyaga darasani mwake, na wana haki ya kuwa na macho yao mle ndani. Nimeona Baraza likiwa sahihi na sisi wanataaluma tukiwa tumelala. Seneti yetu iliwahi kupitisha shahada mpya ya fani ya teknolojia, mtaala ukiwa umeandikwa vizuri kabisa. Mjumbe mmoja mhasibu, mama mtulivu asiyependa kusema sana, akauliza nani atafundisha masomo ya mwaka wa 3. Tuliangalia jedwali. Walimu waliotajwa walikuwa walewale waliokwisha kupangiwa mzigo kamili kwenye programu nyingine mbili, na ikama mpya haikuwa imeombwa. Maabara iliyotajwa ilikuwa kwenye mpango wa ujenzi usio na fedha. Wanafunzi wangedahiliwa, wangelipa ada, na kufika mwaka wa 3 wakakuta ukuta.

Angalia alichokifanya. Hakusema somo hili lifutwe na lile liingizwe. Hakujifanya mtaalamu wa fani. Aliuliza juu ya rasilimali, akataka jibu liandikwe, na jambo likarudishwa Seneti likiwa na swali mahususi na tarehe ya kurudi. Lilirudi limerekebishwa, programu ikaanza mwaka mmoja baadaye na walimu wake. Huko nako kulikuwa kuchelewa kwa mwaka, lakini sikumsikia mtu akilalamika, maana kila mmoja alijua kinachosubiriwa.

Wakati mwingine Baraza lilirudisha orodha ya uteuzi kwa sababu mwenyekiti wa jopo la usaili alikuwa amemsimamia mmoja wa waombaji katika shahada yake ya uzamivu na hakutamka mgongano wa maslahi. Hapo tena hoja ilihusu namna uamuzi ulivyofikiwa, si kama mwombaji anaijua fani. Usaili ukarudiwa na jopo jipya.

Kwangu mpaka uko hapo. Wajumbe wa nje waulize kwa ukali wote wanaoutaka: je, kanuni zilifuatwa, fedha zipo, aliyeamua alikuwa na maslahi, mwombaji alipewa nafasi ya kusikilizwa? Wakifika kwenye swali la kama nadharia fulani ifundishwe, au kama kitabu cha mtu kina thamani, wamefika mahali ambapo kazi hiyo ina wenyewe, na wenyewe hao wamekwisha kuifanya. Mpaka huu sikuubuni mimi. Mwaka 1966 nchini Marekani, chama cha maprofesa wa vyuo vikuu kiliandaa tamko la uongozi wa vyuo kwa kushirikiana na baraza la elimu la nchi hiyo na chama cha bodi za vyuo zenyewe. Tamko hilo linawapa wanataaluma jukumu la msingi juu ya mitaala, ufundishaji, utafiti na hadhi ya walimu, na linaitaka bodi itengue uamuzi wao kwa nadra sana, na kwa sababu zilizoelezwa kwao kwa kina. UNESCO nayo, katika Mapendekezo yake ya mwaka 1997 kuhusu walimu wa elimu ya juu, ilisema wanapaswa kuwa na haki ya kuchagua wawakilishi walio wengi katika vyombo vya kitaaluma. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, wanataaluma waliokutana Dar es Salaam mwezi Aprili na Kampala mwezi Novemba walikwisha kutoa maazimio yao. Lile la Kampala linataka uhuru wa vyuo utumike kwa njia ya kidemokrasia, jumuiya nzima ya chuo ikishiriki. Hakuna kati ya hayo linaloifunga serikali kama sheria. Lakini ukilisoma mbele ya wajumbe, kila mmoja anaelewa kwamba huombi upendeleo.

Upepo wa sasa katika nchi nyingi unavuma upande mwingine. Denmark ilibadili sheria mwaka 2003, ikaweka bodi zenye wajumbe wengi wa nje na kuzipa kazi ya kuteua wakuu wa vyuo, ambao zamani walichaguliwa. Jimbo la Texas mwaka 2025 lilizipa bodi nguvu zaidi juu ya masomo ya msingi na kuyafanya mabaraza ya wanataaluma kuwa ya ushauri tu. Mwelekeo ukiwa huo, kanuni ndogo za vikao zinakuwa na uzito kuliko zamani.

Kuna wakati mmoja ambao Baraza letu halikuahirisha hata kidogo, na ndio ulionifundisha upande wa pili wa jambo hili. Ilikuja hoja ya kufunga idara ya falsafa. Haikuja kama jambo la taaluma. Ilikuja asubuhi, chini ya bajeti, ndani ya jedwali la "programu zisizo na tija". Wanafunzi waliosajiliwa kusomea shahada ya falsafa walikuwa wachache, mishahara ya walimu ilijulikana, ukigawanya unapata gharama ya kutisha kwa kila mwanafunzi. Wajumbe walikuwa tayari kumaliza kabla ya chai.

Jedwali lilihesabu waliosajiliwa. Halikuhesabu wanaofundishwa. Idara hiyo ndiyo iliyokuwa ikifundisha mantiki kwa wanafunzi wa sheria, maadili ya tiba kwa wa udaktari, na somo la fikra tunduizi kwa mwaka wa kwanza wote wa kitivo chetu. Ukichukua saa za kufundisha badala ya usajili, walimu hao walikuwa miongoni mwa wenye mzigo mkubwa chuoni. Kuifunga kungelazimu kuajiri watu wa muda kufundisha masomo yaleyale, kila kitivo kivyake. Niliomba jambo lisiamuliwe mpaka Seneti itoe maoni, na nikapeleka takwimu za mzigo wa kufundisha nilizozipata kwa mratibu wa ratiba, zikiwa wazi kwa yeyote anayezitaka.

Naam, safari hii mimi ndiye niliyeomba kuahirisha. Tofauti ninayoitetea ni kwamba ombi langu liliandikwa: Seneti itoe maoni juu ya athari kwa programu zinazotegemea idara hii, ripoti irudi kikao kijacho, na uamuzi ufanyike siku hiyo. Ripoti ilirudi. Idara haikufungwa, iliunganishwa na nyingine, ikapoteza mkuu wake na ofisi yake lakini ikabaki na walimu na masomo. Sikufurahishwa na muungano huo, na mpaka leo naamini falsafa ilistahili kusimama peke yake. Ila uamuzi ulifanywa na watu waliokwisha kuona picha yote.

Mwakilishi wa wanataaluma atakutana pia na shida ya nafasi yake mwenyewe. Wenzake waliomchagua wanataka taarifa, na kanuni zinamtaka atunze siri. Ndani ya Baraza anaambiwa kwamba akishaingia si mjumbe wa chama bali wa chuo kizima. Yote mawili yana ukweli. Mimi niliona njia moja tu inayopitika: kutunza siri ya nani alisema nini, na kutokubali kabisa usiri wa nini kiliamuliwa na kwa nini. Uamuzi wa chombo cha umma ni wa umma. Jambo lako mwenyewe, au la mtu uliyeandika naye, likija mezani, toka nje ya chumba bila kusubiri kuambiwa, na hakikisha muhtasari unasema ulitoka. Siku utakapomdai mwenzako usafi huohuo, hatakuwa na la kukujibu.

Na usiwachukie wajumbe wa nje. Wengi niliokaa nao walikuwa watu wema waliokuwa hawajui kinachotokea kati ya idara na kiambatisho chenye majina. Hawakujua kwamba nyuma ya mstari mmoja kuna miaka ya utafiti, watathmini wa nje, kamati tatu au nne. Tulipoanza kuambatisha ukurasa mmoja kwa kila jina, ukionyesha faili lilipita wapi, tarehe zipi na kwa kura ngapi, maswali ya "nimeyasikia" yalipungua sana. Mtu aliyeona njia ndefu iliyokwisha kupitwa huona aibu kuizuia kwa tetesi. Wawakilishi wa wanafunzi walikuwa wepesi zaidi kulielewa hili, na mara kadhaa wao ndio waliouliza swali ambalo sisi watumishi tuliliogopa.

Mwishowe tulipeleka marekebisho ya kanuni za vikao. La kwanza: jambo lolote la kitaaluma lililotoka Seneti likiahirishwa, sababu iandikwe na ipelekwe kwa Seneti ndani ya siku 14. La pili: anayetaka faili la mtu lizuiwe alete hoja kwa maandishi, na mhusika apewe nafasi ya kuijibu. La tatu: cheo kikithibitishwa baada ya kuahirishwa bila kosa la mwombaji, tarehe yake iwe ya kikao cha kwanza kilichopokea jina. La nne: likifika kikao cha pili bila uamuzi, lihesabike limepita.

Matatu ya kwanza yalikubaliwa, la tatu baada ya mvutano mkubwa juu ya malimbikizo. La nne lilikataliwa, na lilikataliwa kwa kura. Mwanasheria wa chuo alieleza kwamba sheria imelipa Baraza mamlaka ya kuteua, na mamlaka ya kuteua hayatekelezwi kwa kukaa kimya. Kisheria alikuwa na hoja, nami sikuipinga. Tuliandika upya: Baraza likasimu uthibitishaji wa vyeo kwa kamati yake ya ajira, ambayo ina wajumbe wa nje na wa ndani na inaweza kuitwa kati ya vikao, na majina yaende Baraza zima pale tu kamati inapotofautiana na Seneti. Pendekezo hilo liko kwa wajumbe sasa. Limepangwa kwenye ajenda ya kikao kijacho, na nimeomba liwekwe asubuhi, kabla ya bajeti.